Bakuli la Bibi: Safari ya Chombo Cheupe, kutoka Basra hadi Sanduku la Bibi Harusi



Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, na kazi yetu ni cherehani. Duka letu lipo Mikumi, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa mpaka Zambia, na nyumbani kwetu ni Kilosa. Bibi yetu mzaa mama ni mtu wa Unguja. Aliolewa Kilosa enzi zile mkonge una thamani. Akavuka bahari, akapanda treni Dar es Salaam, akashuka stesheni ya Kilosa na sanduku moja. Kwa hiyo mnapotuagiza shela na magauni kutoka huko visiwani, jueni mnaagiza kwa watu wenu wenyewe.

Leo hatuandiki habari za mishono. Tunaandika habari za bakuli.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na mabakuli mawili. Meupe, yenye mstari wa buluu ukingoni, maua makubwa ya rangi ya waridi na majani ya kijani yaliyopakwa kwa brashi. Ukilipindua bakuli, chini kuna muhuri uliofifia wenye neno Maastricht. Bibi hakuyatumia kila siku. Yalishuka kabatini siku ya Idi, siku ya hitima, na siku mwanamke wa nyumbani alipojifungua, maana uji wa pilipili manga wa mama mzazi ulinywewa humo na si kwingine. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yakaingia majumbani na kung'oa hata reli, Bibi alitoka na msahafu kifuani na mabakuli kichwani, yamefungwa kwenye kanga moja.

Mwaka jana tukaliuza moja.

Mtoto wa dada yetu mkubwa alikuwa anaolewa. Orodha ya vyombo ilikuwa ndefu, kila siku inaongezwa kutoka kwenye simu: seti ya vipande 72, mabakuli ya udi ya rangi ya dhahabu, vikombe vya kioo vya kupanga tu. Tulishakopa kwenye kikoba na bado haikutosha. Akapita mtu anayenunua vyombo vya kale nyumba kwa nyumba. Akatupa shilingi 80,000 kwa bakuli moja, tukaona tumepata. Bibi alipoambiwa hakutugombeza. Aliuliza swali moja tu: "Limeondoka na kanga yake?"

Halikuondoka na kanga. Kanga ilibaki kwetu, imekunjwa, katikati ina alama ya duara.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuuliza watu: kitu gani hasa tulichokiuza? Tulipokwenda Kariakoo kununua vitambaa, tulipitiliza mpaka Bagamoyo kuona magofu ya Kaole. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunawaandikia kwa sababu wengi wenu mna bakuli kama lile kwenye kabati la bibi.

Fundi aliyekosa udongo mweupe

Hadithi ya bakuli jeupe lenye maua haianzii Ulaya. Inaanzia Iraki, karne ya 9 Miladia, ambayo ni karne ya 3 ya Hijra, wakati wa makhalifa wa Bani Abbas. Bandari kubwa ilikuwa Basra. Meli zilileta huko vyombo vya kaure kutoka Uchina: vyeupe, vyembamba, ukivigonga kwa kucha vinalia kama kengele. Mwanahistoria Bayhaqi ameandika kwamba gavana wa Khurasan alimpelekea Khalifa Harun al-Rashid vipande 20 vya kaure ya kifalme, vya namna ambayo kasri lake lilikuwa halijawahi kuiona. Ikiwa Khalifa alishangaa, fikirieni mke wa mfanyabiashara wa kawaida alivyovitamani.

Mafundi wa Basra walitaka kutengeneza kama vile. Lakini kaure inataka udongo maalumu mweupe na moto mkali sana, na udongo wa Basra ni wa manjano. Basi fundi akachukua udongo wake ule ule, akafinyanga bakuli kwa umbo la Kichina, akalichoma, kisha akalivika. Alichanganya mchanga uliosagwa, majivu, risasi, na bati lililochomwa mpaka likawa unga. Mchanganyiko ule ukiingia kwenye tanuri unayeyuka na kuwa kioo. Bati ndilo linaloziba kioo kile, macho yasipite, kikawa cheupe kama maziwa. Udongo wa manjano ukafichika chini yake. Sisi watu wa cherehani tunalielewa jambo hili upesi, kwani mara ngapi tumechukua kitambaa hafifu tukakifunika kwa lesi na mteja akatoka amependeza?

Angeweza kuishia hapo. Lakini fundi yule alitazama weupe ule mtupu akaona nafasi. Akachukua madini ya kobalti, ambayo motoni hugeuka buluu, akachora ua, au tawi la mtende, au maneno ya Kiarabu ya kuombea baraka. Rangi ikazama ndani ya weupe kama wanja kwenye pamba. Mabakuli meupe ya Kichina aliyokuwa akiyaiga hayakuwa na mchoro huo. Alianza kwa kuiga, akamaliza na kitu chake mwenyewe.

Baadaye wakajua jambo jingine: kupaka fedha na shaba juu ya weupe ule, kisha kulichoma bakuli tena kwenye tanuri lenye moshi, likatoka linameta kama dhahabu. Mnakumbuka tulivyofundishwa madrasa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Wapo wanahistoria wanaosema katazo hilo ni sababu mojawapo ya watu kupenda mmeto huu, kwani ni udongo mtupu. Vigae vya namna hii, vya karne hiyo hiyo ya 9, bado vipo vinazunguka mihirabu ya Msikiti Mkuu wa Qayrawan, Tunisia.

Na Uchina nayo ikaja kujifunza. Katika karne ya 14 mafundi wa mji wa Jingdezhen walichora kaure zao kwa kobalti iliyotoka Uajemi. Zile sahani za buluu na nyeupe ambazo sote tunaziita za Kichina zina mkono wa Waislamu wa Ghuba ndani yake.

Meli iliyoshonwa

Vyombo hivi vilisafiri vipi? Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, wazamiaji walikuta meli iliyozama. Ndani mlikuwa na vyombo karibu 60,000 vya Uchina, vingi vikiwa ni mabakuli, na bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Ilikuwa ni meli ya namna ya Kiarabu, na mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba, tundu kwa tundu, kama mtepe wetu wa pwani. Tuliposoma hapo tuliangaliana tukacheka. Bahari nzima ya Hindi ilivukwa kwa mshono!

Kutoka Ghuba, upepo wa kaskazi ulizileta meli kwetu. Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu kusini mwa Unguja, wanaakiolojia wamechimbua vipande vya vyombo vya Iraki, Uajemi na Uchina. Unguja Ukuu ulikuwa mji wa biashara kati ya karne ya 7 na ya 10. Basi mwanamke wa Unguja alijua bakuli la ng'ambo kabla ya nchi nyingi za Ulaya hazijalijua.

Tusifiche upande wa pili. Pwani ilitoa pembe za ndovu, ambari na boriti za mikoko, lakini ilitoa pia watu. Basra hiyo hiyo ya mafundi, katika karne hiyo hiyo, ndiyo iliyokumbwa na uasi wa Zanji, kuanzia 869 mpaka 883, ambamo watumwa wengi wenye asili ya Afrika waliokuwa wakifanyishwa kazi kwenye mashamba ya chumvichumvi walisimama dhidi ya mabwana zao. Chombo kizuri si lazima kiwe kimepita kwenye mikono mizuri. Tunaposifu bakuli, na hao tuwakumbuke.

Na sisi wa bara?

Huenda mtauliza Kilosa inaingia wapi. Ukitoka Kilosa kwa njia ya Dumila kuelekea Morogoro, unapita Dakawa, karibu na mto Wami. Hapo wanaakiolojia walichimba wakakuta mabaki ya watu waliofua chuma zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na vyungu vyao. Shingoni mwa vyungu vile mna mistari iliyokwaruzwa na kufanya pembetatu. Vyungu vya mtindo huo huo vimechimbuliwa Unguja Ukuu na pwani nzima. Yaani zama zile zile ambapo mabakuli ya ng'ambo yalikuwa yanaanza kushuka ufukweni, chungu cha bara na chungu cha kisiwani vilikuwa na pambo moja.

Mpaka leo kwenye vilima vyetu wapo kina mama wanaofinyanga kwa mkono, bila gurudumu, na kuchoma kwa kuni nje. Hawana bati wala kobalti. Lakini wanapochora mstari shingoni mwa chungu wanafanya kile kile alichofanya fundi wa Basra: chombo kimeshakamilika kwa kazi yake, wao wanakiongezea uzuri.

Vyombo vya ng'ambo vyenyewe vilitufikia kwa miguu kwanza. Katika karne ya 19 njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Tabora ilipita katika nchi yetu ya Usagara, na wapagazi walibeba shanga, merikani na nyaya za shaba. Kisha ikaja reli. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na kufika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli ndiyo walikuja watu wa mkonge, wenye maduka, walimu wa Kurani, na mabibi harusi wenye masanduku.

Bakuli linaingia Italia

Wakati huo huo ule ujuzi wa bati ulikuwa umeelekea upande mwingine. Kutoka Iraki ulikwenda Misri na Afrika ya Kaskazini, ukavuka mpaka Hispania ya Waislamu, ambako mji wa Malaga ukasifika kwa vyombo vya mmeto. Meli zilizovipeleka Italia zilipitia kisiwa cha Majorca, na wengi wanasema ndiyo maana Waitalia waliviita maiolica.

Kufikia karne ya 13 Waitalia walikuwa wanatengeneza vya kwao katika miji kama Pisa, Siena, Orvieto na Faenza. Ukilitazama bakuli lao la zama hizo, rangi ni mbili tu: kijani kinachotoka kwenye shaba, na hudhurungi iliyokolea inayotoka kwenye madini ya manganizi. Mistari huchorwa kwa hudhurungi, kisha kijani hujazwa katikati. Humo utaona ndege, samaki, majani, nyota, au nguo iliyosukwa miraba. Mwingine angedhani ni mchoro wa mkeka.

Kuna siri moja iliyotufurahisha. Bati lilikuwa ghali, kwa hiyo mabakuli mengi ya zama hizo yana weupe ndani tu, panapoonekana na mlaji. Kwa nje yamepakwa kioo cha risasi, cha rahisi. Mtu asituambie sisi watu wa duka hatujui jambo hilo! Hariri mbele, bitana ya bei nafuu nyuma, na bibi harusi anang'aa.

Kazi yenyewe ilitaka mkono uliotulia. Bakuli likishachomwa mara ya kwanza na kuchovywa kwenye ule mchanganyiko, hukauka na kuwa na unga juu. Brashi ikigusa tu, rangi inafyonzwa, hakuna kufuta. Ni sawa na kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja. Kisha hurudi tanuri na fundi husubiri. Akifungua, ndipo atajua kama siku zake zimelipa au zimepasuka.

Mabakuli ukutani

Hapa ndipo tulipokaa kimya. Karibu na Pisa kuna kanisa la kale liitwalo San Piero a Grado. Walipolijenga, miaka 1,000 hivi iliyopita, walipachika mabakuli kwenye kuta zake kwa nje, juu, chini ya paa. Wakati huo Waitalia walikuwa hawajajua kutengeneza chombo cha bati. Mabakuli yale yalikuwa ya Waislamu, kutoka Tunisia, Misri, Hispania na Sicily. Siku hizi yenyewe yamehifadhiwa katika makumbusho ya San Matteo mjini Pisa, na kanisani wameweka ya kuigiza mahali pake.

Na kwetu? Kwenye pwani ya Waswahili mafundi wa mawe na chokaa walifanya vivyo hivyo. Kilwa Kisiwani, katika ule msikiti mdogo wa makuba, mabakuli yalipachikwa darini. Kunduchi, Kaole, Mambrui na kwingineko yalipachikwa kwenye minara na kuta za makaburi: ya kijani ya Uchina, ya buluu na nyeupe, na ya Uajemi. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Mtu wa Pisa na mtu wa Kaole hawakujuana, lakini wote wawili walishika bakuli lililovuka bahari wakaona haliwezi kuishia kwenye mchuzi.

Kuhusu makaburi, wengi wetu tumesomeshwa kwamba kaburi linatakiwa liwe la kawaida, bila kujengewa wala kupambwa. Hatusemi turudi huko. Tunasema tu kwamba wazee wetu waliishi hivyo, na alama walizoacha ni ushahidi wa mahali walipofika na watu waliofanya nao biashara.

Tulipofika Kaole tulitafuta mabakuli. Tulichokiona zaidi ni matundu. Duara tupu kwenye chokaa, ukubwa wa kiganja kilichotanuliwa, mahali ambapo bakuli lilikaa kwa karne nyingi mpaka mtu akaja na kitu chenye ncha akalibandua. Kunduchi ni hadithi ile ile. Yaliyobaki ni machache, mengine yamehifadhiwa makumbusho, na mengi yamekwenda kusikojulikana. Mdogo mtu kati yetu akaweka mkono kwenye tundu moja, akasema, "Hili ndilo kabati la Bibi." Hatukuongea tena mpaka tulipofika stendi.

Chombo cha mwanamke

Wengi wanaozungumzia vyombo vya kale huzungumzia masultani na meli. Lakini anayekaa na bakuli ni mwanamke. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kabisa kina ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa safu juu ya safu, na humo ndimo vyombo vya kaure vilipangwa. Kilikuwa ni chumba cha mwenye nyumba na wanawe wa kike, si cha wageni wa barazani.

Na Italia, ujuzi wa bati ulipokomaa katika miaka ya 1500, vyombo viwili vilitengenezwa kwa ajili ya wanawake hasa. Kimoja kilikuwa ni sahani au bakuli lenye uso wa msichana na jina lake, likiandikwa kwamba ni mrembo, na huaminika kuwa mengi yalitolewa zawadi ya uchumba au ndoa. Kingine kilikuwa ni bakuli la mama mzazi. Mwanamke akijifungua aliletewa mchuzi wa kuku kitandani katika bakuli lililochorwa kwa ajili hiyo, lina mfuniko, na vyombo vingine vikipangwa juu yake.

Tuliposoma hayo tulimsimulia Bibi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. "Wao kuku, sisi uji wa pilipili manga," akasema. "Mzazi ni mzazi."

Neno Maastricht

Sasa turudi kwenye muhuri. Maastricht ni mji wa Uholanzi. Mwaka 1836 mtu aitwaye Petrus Regout alianzisha huko kiwanda cha vyombo, na baadaye viwanda vya mji ule vikauza mabakuli yenye maua duniani kote, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo bakuli la Bibi si la kale kama ya Kaole, wala halina bati. Viwanda vilikuwa vimeshapata udongo ambao wenyewe ni mweupe, hawakuhitaji tena kuuvika. Ni kitukuu cha kazi ya Basra, kimezaliwa mashineni, ila maua bado yamepakwa kwa mkono. Ukitazama kwa karibu, ua moja ni nene kuliko jingine. Mtu alichoka, au alikuwa na haraka.

Wapo watakaosema, basi, ni la kiwandani, mmeuza kitu cha kawaida, mnalilia nini? Nasi tulijiambia hivyo. Lakini thamani yake kwetu haikuwa umri. Mama yetu alinywea humo uji alipotuzaa sisi wawili. Mjukuu anayefuata atalinywea jipi? Lile moja lililobaki, basi, na mwenzake hatujui lipo kwa nani.

Kwa mabibi harusi wetu

Tunayoyasema sasa tunajiambia sisi kwanza. Fundi wa Basra alitamani kaure ya Uchina kama mnavyotamani nyinyi harusi za kwenye simu. Hakuna dhambi kutamani kizuri. Ila alirudi kwenye udongo wake, akauvika weupe kadiri ya uwezo wake, akachora ua alilolijua. Sisi tulifanya kinyume. Tuliuza chetu na kukopa juu yake ili tuonekane na cha mwingine. Deni la kikoba tulilimaliza kwa miezi mitano ya kushona usiku. Ile seti ya vipande 72, binti yetu amefungua vipande 8. Vingine bado vimo kwenye boksi, kwa sababu nyumba aliyopanga ina chumba kimoja na sebule. Dini yetu imetukataza israfu na tulijua hivyo tangu utotoni. Kujua hakukutusaidia siku ile.

Basi, bibi harusi, kabla hujaandika orodha, nenda kwa bibi yako, au kwa shangazi, au kwa somo wako. Muulize ana chombo gani kimoja alichokuja nacho. Kipindue chini ukasome muhuri. Kama kina kijani cha jani changa bila mchoro, huenda ni cha Uchina. Kama kina maua ya brashi, huenda ni ndugu wa bakuli letu. Muulize nani alilia chakula humo, na kwa siku gani. Andika kwenye karatasi uifungie pamoja nacho. Na akija mtu wa kununua, usikubali siku ile ile. Akileta kilichobanduliwa msikitini au kaburini, usikinunue hata kwa shilingi moja.

Tahadhari moja ya jikoni: kioo cha vyombo vya zamani mara nyingi kina risasi, ambayo ni sumu. Chombo kikongwe kilichochanika au kupasuka kioo chake kisiwekewe achari, ndimu, ukwaju wala chakula cha moto, na hasa asilishwe mtoto au mama mjamzito humo. Kiwekeni kabatini, au kiwekeeni asumini. Bakuli letu lililobaki tulilikagua kwenye mwanga, tukaona ufa mwembamba kama unywele. Uji wa pilipili manga sasa tutautia kwenye bakuli jipya, na lile la zamani litakaa pembeni ya kitanda.

Maana habari njema ni kwamba binti yetu ni mjamzito, alhamdulillah. Bibi amesema bakuli liende Mikumi kwake kabla ya mwezi wa tisa, na liende na kanga yake. Ameikunjua mwenyewe, akaifua, akaianika. Ile alama ya duara haikutoka.

Tunaomba dua zenu kwa ajili ya binti yetu na kwa ajili ya Bibi. Nasi tunawaombea nyote ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.